Hao si wapelelezi, ni mafundi wa nyaya

Mhariri,

Hii barua naiandika nikiwa kwa ngazi za duka moja hapa Lanet, Nakuru, mvua imetutoa kwa shimo na mashine ya kuunganisha faiba, zile nyaya za kioo za intaneti, haipendi maji, kwa hivyo nina kama saa moja hivi ya kukaa bure. Ukiona mahali nimeruka koma ujue ni kidole kimelowa, na kama barua ni ndefu kata unapotaka, lakini tafadhali usikate ile ya meli.

Maneno yalianzia kwa kibanda cha chai pale Free Area. Kuna mzee wetu mmoja, dereva wa lori mstaafu, amefika Kigali na Juba mara zisizohesabika, mtu akianza kuongea hata chapati zinapoa. Asubuhi hiyo akatuambia ati Wamarekani wana ofisi ya jeshi ya mawasiliano na mitandao, na wenye hiyo ofisi ndio wenye swichi ya dunia, wakiamka vibaya wanabonyeza tu na intaneti ya Kenya yote inalala, M-Pesa ikiwemo. Na wakiwa hawana kazi wanasikiliza simu zetu. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza kidogo, manake kila mtu alikumbuka ile Julai ya 2023 eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ilipoangushwa watu wakabaki wanaangalia skrini, na kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kikajitokeza kusema ni sisi.

Mimi nikamwambia mzee wangu, kwa heshima zote, hapo umechanganya mambo mawili. Akaniangalia vile wazee huangalia kijana aliyewakatiza. "Na wewe kijana unajua nini?" Nikamwambia riziki yangu ni faiba, na marehemu baba alikuwa mwanajeshi wa mawasiliano, haya mambo nimelelewa nayo. Akasema haya basi sema. Nikasema kidogo, chai ikaisha, kila mtu akashika njia yake, na mengi yakabaki kifuani, ndio haya nakuletea.

Hiyo ofisi ipo kweli. Wenyewe wanaiita DISA, kwa Kiswahili tuseme Shirika la Mifumo ya Habari za Ulinzi. Ilianzishwa tarehe 12 Mei 1960 ikiwa na jina lingine, Shirika la Mawasiliano ya Ulinzi, hili la sasa ikapewa 1991. Makao yake yako Fort Meade, jimbo la Maryland, na nadhani hapo ndipo mzee wangu alipopotea njia, ju kwa hiyo kambi ya Fort Meade ndio pia kuna NSA, na hao NSA ndio wasikilizaji wenyewe, kazi yao ni kunasa maneno ya watu wengine. Sasa kukaa kambi moja na NSA hakukufanyi uwe NSA. Mimi nalala Lanet, ukuta wa jeshi nauona nikianika nguo, na sijawahi shika bunduki. Kazi ya DISA ni nyaya za nyumbani kwao, yaani kutandaza, kuunganisha, kulinda na kurekebisha mtandao ambao jeshi lote la Marekani linapitishia maneno yake, kutoka kwa rais na waziri wa ulinzi hadi kwa sajini aliye kambini Djibouti. Hata kile kitengo kinachobeba mitambo ya simu ya rais wao popote anapoenda, kilichoanza 1942 wakati wa vita vya pili, kiko chini ya hao hao. Ni mafundi. Ni kama mimi, ila wao wana bajeti na viatu havivuji.

Kabla ya 1960 kila kikosi kilikuwa na mtandao wake. Jeshi la nchi kavu lake, wanamaji wao, wanaanga wao, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake ufunguo. Manahodha wengi chombo huenda mrama, ndio ikaamuliwa ile njia ya masafa marefu iwe na mwenyewe mmoja anayejulikana, mtu akipiga kelele kwamba ujumbe haujafika kuwe na mahali pa kwenda kubisha.

Kitu moja ninayoipenda kwa hiyo historia ni simu zao za miaka ya sitini, kwa mtandao ulioitwa AUTOVON. Angalia simu ya kawaida ya kubonyeza, ina safu tatu, 1 2 3, 4 5 6, vile unajua. Zile zao zilikuwa na safu ya nne upande wa kulia, vitufe vinne vya kuonyesha uzito wa simu yako. Ya kawaida hubonyezi kitu. Ya haraka kidogo unabonyeza kimoja, ya haraka zaidi kingine, na kile cha juu kabisa kilikuwa cha rais na wakubwa wachache sana, kikibonyezwa na laini zote zimejaa basi mtambo unamkata mtu wa chini ili mkubwa apite, hata kama huyo wa chini alikuwa katikati ya kumwambia bibi yake nakuja mwisho wa mwezi. Hizo sauti nne bado zipo kwa mfumo wa simu hadi leo, zinaitwa A, B, C na D, ni vile simu zetu hazina vitufe vyake. Nilimweleza mama watoto akasema hiyo safu ya nne ndio anataka kwa simu yangu, na kile cha juu kiwe chake.

Sasa ile ya meli. Juni 1967 Israeli ilikuwa vitani na majirani zake, na Marekani ilikuwa na meli inaitwa USS Liberty karibu na pwani ya Sinai, meli ya kunasa mawasiliano, yaani ya wale wasikilizaji. Wakubwa kule Washington wakaona hapo ni hatari, wakaamua isogee mbali. Amri ikatumwa. Sio moja, ni kadhaa. Mmoja wa hizo jumbe ukaelekezwa kituo cha Ufilipino, upande mwingine kabisa wa dunia, na zingine zikakwama njiani zikipita dawati moja hadi lingine. Tarehe 8 Juni ndege na boti za Israeli zikaishambulia hiyo meli, Israeli ikasema baadaye ilikuwa makosa, na watu 34 wa meli hiyo wakafa, wengine 171 wakajeruhiwa, wakiwa mahali ambapo mabosi wao walikuwa washasema wasiwe. Kamati ya bunge lao ilifuatilia mambo ya mawasiliano ikatoa ripoti 1971, na haikuwabembeleza. Meli ya wasikilizaji ikakosa kusikia! Na Mhariri angalia mwaka, shirika lilikuwa lishafikisha miaka saba. Kwa hivyo simwambii mzee wangu ati hawa ni malaika. Namwambia makosa yao si yale anayowawekea. Dhambi ya mpelelezi ni kusikia kisichomhusu. Dhambi ya fundi wa nyaya ni mwenye ujumbe kukosa kusikia kinachomhusu, na hiyo ya pili inaua watu na haitengenezewi sinema.

Baba alikuwa na ugonjwa huo wa kuhakikisha neno limefika. Alistaafu zamani lakini jeshi halikumtoka mdomoni. Akikutuma dukani ilikuwa lazima urudie. "Sukari nusu, majani ya chai ya kumi, kibiriti kimoja. Rudia." Unarudia. Ukisema "sawa baba" bila kurudia hujatoka mlangoni, anakurudisha kwa kidole. Mamangu alikuwa anachukia hiyo kitu kabisa, anamwambia huyu ni mtoto si radio. Na kwa simu alikuwa anamaliza kila sentensi kwa "ova", hata akiongea na shangazi wa Mumias, na shangazi naye alizoea mpaka akawa anajibu "ova" na yeye, sisi watoto tunacheka nyuma ya kiti. Alinionyesha siku moja alama kwa bega, mahali mkanda wa gurudumu la waya ulikuwa unakaa wakitandaza simu ya uwanjani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Alisema mwanajeshi asiye na mawasiliano ni mtu tu amepotea msituni na bunduki.

Hadithi ya Lanet alikuwa nayo pia, ingawa yeye alijiunga baadaye, aliipata kwa waliomtangulia. Tarehe 24 Januari 1964, mwezi mmoja na kitu baada ya uhuru, wanajeshi wa Bataliani ya 11 ya Kenya Rifles hapa Lanet waliasi. Tanganyika ilikuwa ishachafuka wiki hiyo na Uganda pia. Wa hapa walikuwa wanangojea hotuba ya Waziri Mkuu Jomo Kenyatta, wanatarajia kuskia habari ya mshahara, na jioni ikapita hotuba haikuja. Usiku huo huo wakaasi, na waliokuja kuwazima ni wanajeshi wa Uingereza waliokuwa bado nchini. Sisemi ni hotuba peke yake iliyoleta maasi, shida zilikuwa nyingi, mishahara, maofisa wazungu, na kadhalika. Lakini kwa mtu wa mawasiliano kama baba hiyo ilikuwa somo, watu wamekaa mbele ya mtambo wanangoja neno, na neno halikuja na hakuna aliyewaambia kwa nini halijaja. Na 1982, tarehe mosi Agosti, wanaanga walipotaka kuchukua nchi, walikimbilia wapi mapema? Kwa stesheni ya Sauti ya Kenya, wakamtoa Leonard Mambo Mbotela kitandani awasomee tangazo. Mwanajeshi yeyote anajua hilo. Ukishika njia ya maneno umeshika nusu ya vita.

Nirudi kwa wale wa Fort Meade, manake kuna jambo watu wengi hawalijui, intaneti yenyewe unayotumia kusoma barua hii ilipitia mikononi mwao. Ule mtandao wa kwanza, ARPANET, ulianza 1969 ukiwa wa utafiti, wa vyuo na maabara, na 1975 uendeshaji wake ukapelekwa kwa hili shirika. Ndipo ukafika wakati wa kubadilisha lugha ambayo kompyuta zinaongea, kutoka ile ya zamani kuja hii ya TCP/IP tunayotumia mpaka leo. Watu wakawa wazito, si unajua watu na kubadilisha kitu kinachofanya kazi. Katikati ya 1982 mafundi wakazima ile lugha ya zamani siku moja nzima, kelele zikapigwa, wakairudisha. Baadaye mwaka huo huo wakaizima siku mbili. Halafu tarehe 1 Januari 1983 wakaizima kabisa, aliyekuwa hajahama akabaki nje anabisha. Mwaka huo huo wakaugawa mtandao mara mbili, wa jeshi ukawa MILNET na wa watafiti ukabaki ARPANET, ambao ulifungwa 1990. Kwa hivyo mzee wangu hakukosea kabisa kusema wana swichi, waliwahi kuzima kweli, ila walizima ya kwao, na walizima ili watu wakubali kuhama. Mtu yeyote ambaye amejaribu kuhamisha chama cha akina mama kutoka kwa daftari kwenda kwa simu ataelewa walichokuwa wanapitia.

Leo wanaendesha mitandao miwili mikubwa, mmoja wa mambo ya kawaida unaitwa NIPRNet, barua pepe, likizo, mishahara, oda za vipuri, na mwingine wa siri, SIPRNet, na hiyo miwili haichanganywi, kompyuta ya huku haichomekwi kule. Kila mlango na ufunguo wake. Pia wao ndio wanaoandika yale masharti marefu ya jinsi ya kufunga kompyuta vizuri, paswadi iwe hivi, kitu usichotumia kizime, na hayo masharti wameyaweka wazi yeyote anaweza kusoma, mimi mwenyewe nishayatumia kufunga ruta ya shule moja ya msingi Njoro na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa jeshi gani. Hiyo ndio kazi ya kila siku, na ni kazi ya kuchosha, haina filimbi. Ukiona vyaelea vimeundwa.

Na bado huvuja. Mfumo mmoja wa DISA yenyewe uliingiliwa katikati ya 2019, na Februari 2020 wakaanza kuandikia watu wapatao 200,000 kuwaambia huenda namba zenu za hifadhi ya jamii zimeonekana na wasiostahili. Mwenye kufunga milango ya wengine, wake ukaachwa wazi. Lakini mimi nilichokiangalia zaidi ni ile barua. Iliandikwa, ikatumwa, ina jina la shirika juu. Nimewahi kupoteza data za wateja kwa kampuni niliyokuwa nafanyia na tuliambiwa tukae kimya, mteja akiuliza tumwambie ni netiwaki.

Mhariri unaweza kuuliza hii yote inatuhusu nini sisi wa Nakuru, jeshi la Marekani na nyaya zake. Ngoja nikupeleke kwa shimo.

Mwaka jana mwezi wa tano, usiku wa saa tatu hivi, tingatinga la mkandarasi fulani lilikata kebo upande wa Pipeline. Kebo ya nyuzi 48. Kwa macho ni kamba tu nyeusi, nene kama kidole gumba, ndani kuna vijibomba, na kila kijibomba kina nyuzi kumi na mbili za kioo, nyembamba kama unywele, kila moja na rangi yake, buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, na ya mwisho ya rangi ya bahari. Hizo rangi tunaziimba kama watoto wa chekechea, manake ukiunganisha ya kahawia na ya chungwa umepeleka maneno ya benki kwa hoteli. Unachuna ganda, unapangusa na spiriti mpaka uzi unalia chwi chwi kwa vidole, unaukata kwa kisu chake maalum, unaulaza kwa mashine uso kwa uso na mwenzake, na kwa kile kioo kidogo unaona ncha mbili zinakaribiana, cheche moja ya buluu, basi, umekuwa uzi mmoja. Mara 48. Ukiwa umelala kifudifudi kwa matope, tochi iko mdomoni.

Lakini hiyo kazi ya mikono ilikuwa sehemu rahisi. Tulianza kuunganisha saa saba za usiku. Kebo ilikatwa saa tatu. Hayo masaa manne tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa kwa simu. Kampuni ya kwanza ikasema kebo si yetu tumekodisha tu, ya pili ikasema ni yetu lakini hiyo sehemu tulikabidhi wengine, mkandarasi akasema hakuna aliyenionyesha ramani, kaunti haikushika simu, na mkubwa wangu akasema usiguse mpaka tujue nani analipa. Wakati huo wote kuna zahanati pale karibu, muuguzi alitoka nje na kanzu yake nyeupe akatusimamia juu ya shimo, hakupiga kelele, aliuliza tu, "kaka zangu, mtarudisha saa ngapi?" Na mimi niko na mashine, niko na spiriti, niko na mikono, na sina jibu. Hiyo sura ya yule dada siisahau.

Ndio nasema hayo masaa manne ndio sababu ya mtu kuanzisha shirika kama DISA. Uzi ulikuwepo na fundi alikuwepo, kilichokosekana ni mwenyewe. Nchi zingine nazo zimefika hapo hapo kwa njia zao, Ufaransa ilianzisha ya kwake, DIRISI, mwishoni mwa 2003, na NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, iliunganisha ofisi zake kadhaa ikafanya shirika moja Julai 2012, kwa sababu ukiwa na majeshi ya nchi nyingi na kila moja inaongea kwa mtambo wake utakuwa na Liberty kila mwezi.

Na vita vya sasa vimeonyesha zaidi. Tarehe 24 Februari 2022, kama saa moja tu kabla Urusi haijaingia Ukraine, wadukuzi walishambulia huduma ya setilaiti ya Viasat, modemu nyingi sana zikafutwa zikawa matofali, mpaka mitambo ya upepo 5,800 kule Ujerumani ikapoteza mawasiliano, na Ujerumani haikuwa hata vitani. Mwaka mpya wa 2023 wanajeshi wa Urusi waliokuwa wamelala kwa jengo moja Makiivka, mashariki mwa Ukraine, walipigwa makombora, Urusi yenyewe ikahesabu 89 waliokufa, na wizara yao ikasema chanzo kikuu ni vijana kutumia simu zao za mkononi ovyo. Kuna wanaosema hiyo ni njia ya makamanda kuwalaumu maiti. Inawezekana. Lakini kijana akikosa njia rasmi ya kuambia nyumbani heri ya mwaka mpya atatumia ile iliyo mfukoni, na hapo kosa naliweka kwa aliyekosa kumpa njia.

Tena si vijana peke yao. Machi 2025 wakubwa wa Marekani wenyewe, mshauri wa usalama Mike Waltz na waziri wa ulinzi Pete Hegseth, walikuwa kwa kikundi cha Signal, programu ya simu ya kutumiana ujumbe kama WhatsApp, wakipanga mashambulizi ya Yemen, na katika kuongeza watu kwa kikundi wakamwingiza Jeffrey Goldberg, mhariri wa The Atlantic. Mhariri mwenzako! Fikiria uko hapo unakula githeri unaona saa ambayo ndege zitaruka. Wana DISA nzima, wana mtandao wa siri uliojengewa miongo, wana wale mafundi wa rais, na bado mtu akachukua simu akafungua kikundi kama sisi tukipanga harambee ya matanga. Kila mmoja wetu ashawahi ongeza mtu asiyefaa kwa kikundi, kwetu tulimwongeza bwana harusi kwa kikundi cha kuchangia zawadi yake ya siri. Lakini pale hapakuwa harusi. Hapo ndipo naona kikomo cha shirika lolote la nyaya, unaweza kujengea mkubwa barabara ya lami na akapita kwa shamba la mtu ju ni karibu.

Sasa kwetu. KDF, yaani jeshi letu la Kenya, ina wanajeshi wake wa mawasiliano, baba alikuwa mmoja, na sitaki mtu aniambie nataka siri zitolewe gazetini. Masafa yao, mitambo yao, mahali minara iko, hayo yakae kwao. Lakini Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 241 inasema KDF itasaidia mamlaka zingine wakati wa dharura na majanga, na iripoti kwa Bunge la Taifa kila inapotumwa kwa kazi hiyo. Hiyo si siri, hiyo ni sheria, na hapo ndipo mwananchi wa kawaida anakutana na mtandao wa jeshi. Sisi wa kaunti hii tunajua majanga. Solai, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka na zaidi ya watu 40 wakaenda. Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji tena, makumi ya watu. Kule Budalang'i mto Nzoia ukijaa ni kila mara, watu wanabeba magodoro kichwani. Kwa siku kama hizo kuna polisi na redio zake, jeshi na zake, Msalaba Mwekundu na zake, chifu na simu yake ya kibinafsi na bando yake ya kununua mwenyewe. Je, hawa wote wanasikiana? Kukiwa na mnara umeangushwa na maji, njia ya jeshi inafunguliwa ipitishe ujumbe wa chifu au inabaki imefungwa ju hakuna aliyeandika nani atoe ruhusa? Nani amepewa kazi ya kujibu hilo, jina la ofisi, sio jina la mtu?

Ile Kamati ya Bunge ya Ulinzi, Ujasusi na Mambo ya Nje iulize hayo mbele ya watu. Kila wakati wa bajeti tunaskia ndege, tunaskia magari ya deraya, na waheshimiwa wanapiga picha kando yake, lakini sijawahi ona mheshimiwa amepiga picha kando ya kebo. Mimi nisingeanza na kuunda shirika jipya na jengo refu na wakurugenzi kumi na mkataba wa magari, tunajua hiyo inaisha wapi. Ningeanza na namba moja ya simu yenye mtu anayeishika saa nane za usiku, na huyo mtu awe na mamlaka ya kusema "unganisha, nani analipa tutajua kesho." Na pawe na mazoezi, mara moja kwa mwaka, zima njia kuu ya hapa Nakuru kwa makusudi kama wale wa 1982 walivyozima, uone nani anabaki anasikika na nani anapiga hodi. Najua watu watalia. Waambiwe mapema, warudie walichoambiwa, kama baba na ile sukari.

Mvua imepungua na vijana wangu wananiita, kuna kijibomba bado hatujafunga. Ila nimalizie ya mzee. Jana nilimkuta tena pale Free Area, nikamweleza hii yote kuanzia meli mpaka Yemen, akanywa chai yake taratibu, akaniambia, "Sawa fundi, nimeelewa si wapelelezi. Sasa mimi intaneti ikipotea nyumbani nimpigie nani?" Nikampa namba yangu. Kufikia saa hii amenipigia mara nne, na mara tatu ilikuwa ni bando imeisha.

Fundi wa faiba,
Lanet, Nakuru.